Ua Jekundu, Ndimu na Maji ya Majivu

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipopata alama zote kwenye swali la mikroskopi, yaani hadubini. Mwalimu wetu, kule milimani Masisi, aliichora ubaoni kwa chaki mbili, nyeupe na ya manjano, akaandika sehemu zake kwa Kifaransa, nasi tukanakili. Nilizikariri nikipalilia viazi pamoja na mama, nikazikariri nikipanda mlima na dumu la maji mgongoni, na siku ya mtihani nikaziandika zote bila kosa. Sikuwa nimewahi kuiona mashine hiyo. Mwalimu wangu naye hakuwa ameiona. Nadhani hata aliyemfundisha yeye hakuwa ameiona.

Miaka mingi baadaye, nikisomea ualimu mjini, niliikuta ya kweli. Ilikuwa ndani ya kabati la vioo lenye kufuli. Nilimwomba mtunza chumba anifungulie. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayekuonea huruma.

"Binti yangu, ukiigusa inaweza kuvunjika. Njo maana iko bado nzima. Hakuna muntu anaigusa."

Nilibaki nimesimama pale, pua karibu na kioo, nikitazama jinsi vumbi lilivyoifunika. Hasira niliyotoka nayo siku ile haijaisha mpaka leo. Nimefundisha kwa hasira hiyo, na simwombi mtu radhi.

Walikale nilifika kwa miguu, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, vita vilipotutoa kwenye shamba la baba yangu. Kijiji kimoja upande wa Buleusa kilitupokea. Ni watu wa msitu, wakulima na wawindaji, Wakristo wasiokosa ibada ya Jumapili, ingawa mambo ya mababu hawakuyaacha yote. Walitupa mahali pa kulima mihogo. Shule yao ya msingi ilipungukiwa walimu, nami nikapewa darasa la sita: kuta za mbao, paa la mabati yenye matundu, ubao mmoja uliopasuka katikati.

Katika daftari la kutayarisha masomo kuna mstari wa kuandika vifaa. Wenzangu wote, kwa somo la sayansi, waliandika pale neno moja la Kifaransa: néant. Yaani hakuna kitu. Mkuu wa shule, tuliyemwita Papa Direkteri, alishangaa kuona mstari wangu umejaa mpaka ukafurika pembeni.

"Madame, hii vifaa yote iko wapi?"

"Inje, Papa Direkteri."

Alicheka, akapiga muhuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

Somo la mikroskopi lilipofika, sikuchora kitu. Niliwaambia watoto walete vifuniko vya makopo ya sardini. Tukavitoboa kwa msumari mwembamba, tukasugua kingo za tundu juu ya jiwe, kisha kila mmoja akadondoshea tundu lake tone moja la maji kwa ncha ya jani. Tone likikaa vizuri ndani ya tundu linatuna kama jicho. Ukiliinamia karibu kabisa, kilicho chini yake kinakuwa kikubwa. Tuliweka chini mguu wa siafu. Darasa zima liliinama juu ya matone, kitu ambacho sijawahi kukipata kwa kiboko wala kwa kelele. Halafu mmoja akapaza sauti:

"Madame! Siafu iko na manyoya!"

Wakasukumana, matone yakamwagika, wakaanza upya. Papa Direkteri alikuja kuona kelele ni ya nini.

"Mchoro iko wapi ku tablo?"

"Watachora wenyewe kile wanachoona."

"Ku mtihani hawataulizwa manyoya ya siafu, Madame."

"Basi watajua kitu kimoja zaidi ya mtihani."

Aliondoka akitikisa kichwa. Tangu siku ile nilijiona nimeshinda, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mtu anayejiona ameshinda huanza kutembea vibaya.

Kosa langu lilikuwa kinyonga. Watu wa pale humwogopa. Wanasema akikung'ang'ania hatoki mpaka ngurumo ya mvua, na mwanamke akimgusa anaharibikiwa. Tulimkuta mmoja kwenye mti wa kahawa nyuma ya darasa, tukamweka kijitini siku tatu tukitazama macho yake, moja likienda huku na lingine kule, na ulimi wake uliokuwa mrefu kupita mwili. Watoto walipoacha kuogopa, mimi sikuridhika. Nikamweka begani, mchana, siku ya soko, nikapita naye katikati ya wauzaji wa ndizi. Mama mmoja aliacha bidhaa zake akakimbia. Wengine walifunika watoto kwa vitenge. Nilitembea taratibu, kichwa juu, nikimsalimu kila mtu. Nilitaka waone kwamba sifi. Waliona kitu kingine: mwanamke mgeni anayetembea na kinyonga. Kiburi kile nilikifanya mimi, lakini aliyekuja kukilipia ni mtoto.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, wa darasa langu. Aliishi na mama yake, mdogo wake wa kiume ambaye bado alikuwa ananyonya, na nyanya yake, ambaye wote tulimwita Koko. Hakuwa wa kwanza darasani. Mwandiko wake ulikuwa mbaya na Kifaransa kilimtesa. Ila alikuwa na tabia ya kuuliza swali pale ambapo mimi nilidhani somo limekwisha.

Wiki ile tulikuwa na somo la vitu vikali na vitu vya uchungu, yaani asidi na besi. Kitabu kilitaja karatasi za dawa ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Uzio wa kanisa ulikuwa na maua mekundu makubwa, yale yanayochanua mwaka mzima. Tukachuma petali zake, tukazichemsha, tukapata maji ya zambarau iliyokoza. Nikayagawa katika chupa tatu zilizokatwa shingo. Ya kwanza tuliiacha. Ya pili tukaikamulia ndimu: maji yakawa mekundu ya kung'aa. Ya tatu tukaitilia maji ya majivu, yale ambayo akina mama wa pale huyachuja ili kupata chumvi ya kupikia sombe, yaani majani ya mihogo: yakawa kijani kama jani changa la mgomba. Watoto walipiga kelele mpaka darasa la nne likaja madirishani.

Msichana yule aliinua mkono.

"Madame, na kama tunachanganya ile nyekundu na ile kijani?"

Wakati huohuo kengele ikagongwa. Kengele yetu ilikuwa chuma cha gurudumu la gari, ikigongwa husikii kitu kingine.

"Kesho," nilimwambia.

Neno lile nimelijutia kuliko kinyonga. Mtoto akiuliza swali kama lile humpi kesho. Alichukua maji ya maua yaliyobaki katika kichupa cha dawa, akaenda nayo nyumbani.

Yaliyotokea huko niliyasikia baadaye kwake mwenyewe. Koko alikuwa amelala shambani, ndani ya msitu, kwa siku kadhaa kama wafanyavyo wakati wa mavuno. Msichana aliweka vikombe viwili karibu na moto, akatia ndimu katika kimoja na maji ya majivu katika kingine. Rangi zilipogeuka akamwita mama yake kwa furaha. Mama alipoona, alipiga ukelele na kumwaga vyote nje. Kesho yake asubuhi yule mtoto mchanga aliamka na homa kali, akatetemeka mpaka macho yakapinduka.

Majirani hawakuhitaji kufikiri sana. Mwalimu wa kinyonga amempa msichana kitu. Mama, kwa hofu, alimpeleka binti yake kwenye kikundi cha maombi kilichokuwa na kijumba chake ng'ambo ya kijito. Mchungaji wa kikundi alisema msichana abaki pale afunge, aombewe, mpaka aseme ni nani aliyempa uchawi.

Mimi niliona tu kwamba hayupo darasani. Siku ya pili ndipo wanafunzi wakaniambia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Direkteri.

"Usiingie ndani ya mambo ya familia ya watu," alisema. "Weye uko mgeni hapa. Kesho watasema mchawi ni weye."

"Walishasema."

"Basi nyamaza, ipite."

"Papa Direkteri, mutoto hajakula tangu jana. Itapitia wapi?"

Niliacha kazi ubaoni, nikavuka kijito.

Mchungaji wa kikundi kile alinikuta mlangoni. Alikuwa mtu wa umri wangu, shati limepigwa pasi vizuri, Biblia kwapani. Hakunitukana. Alinikaribisha hata, akidhani nimekuja kuungama. Kupitia mlango nilimwona msichana amekaa kwenye mkeka, midomo imekauka, mikono juu ya magoti. Aliponiona, kitu cha kwanza alichosema kilinivunja.

"Madame, sikumaliza kuchanganya. Mama alimwaga."

Nikamgeukia mchungaji. "Papa Pasta, huyu mutoto anakuja na miye."

"Ile maji inageuka rangi kwa nguvu ya nani?"

"Kwa nguvu ya ndimu."

"Ndimu haina nguvu."

"Jitie kidogo ku jicho, utaniambia."

Hakucheka, wala mimi sikuwa nikicheka. Alisema kama ni mambo ya masomo tu, basi niyafanye hadharani Jumapili, baada ya ibada, watu wote waone. Na kama siwezi, msichana atabaki pale na mimi nitahama kijiji.

"Nakubali," nilisema. "Lakini anatoka leo, na anakula leo."

"Atatoka Jumapili."

"Basi tutangoja Jumapili wote wawili."

Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wake. Sikuwa na mpango wowote. Nilikunja miguu chini ya kitenge. Jua lilipanda. Watu walipita wakinitazama, wengine wakatema mate. Ilipofika mchana niliona mwanafunzi mmoja anavuka kijito na mfuko wake wa madaftari, akaja akakaa nyuma yangu. Akaja mwingine. Halafu watatu pamoja. Sikuwa nimewaita. Walikaa chini, wakafungua madaftari, wakaendelea na ile kazi niliyoiacha ubaoni, kwani walikuwa wameinakili. Mmoja aliniuliza kuhusu hesabu ya sehemu, nikamwelekeza palepale.

Mke wa mchungaji ndiye aliyechoka wa kwanza. Alitoka na kikombe cha uji, akatupita sote, akampa msichana. Kisha akamwambia mumewe kwa lugha yao maneno ambayo sikuyaelewa, mafupi sana. Kabla jua halijafika kwenye miti, mchungaji alisimama kando ya mlango.

"Jumapili," alisema.

"Jumapili," nikajibu. Tuliondoka na mtoto katikati yetu.

Nyumbani kwa msichana tulimkuta Koko amekwisha kurudi kutoka msituni, na hakukaa kusikiliza majirani. Alikuwa amembeba mjukuu wake mdogo mgongoni hadi kituo cha afya, mwendo wa saa mbili. Walimtoboa kidole, wakakuta malaria, wakampa dawa. Koko alinitazama kutoka juu hadi chini. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuzungumza.

"Weye njo mama ya kinyonga?"

"Njo miye, Koko."

"Ulikosa akili," alisema. Halafu akaniuliza: "Hiyo majivu mulitumia, mulichuja namna gani?"

Nilimweleza. Akasema tumechuja vibaya, majivu ya kuni za kawaida ni dhaifu.

Usiku wa kuamkia Jumapili nililala macho wazi mpaka kukakucha. Mume wangu alisema tungeweza kuondoka mapema kwa njia ya Hombo, hatuna deni na mtu. Nilimwambia nimekwisha kukimbia mara moja, nikaacha shamba la baba lote, na mara ile walikuwa na bunduki. Kwa ndimu sikimbii.

Walitoa meza ya kanisa nje, kwenye nyasi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona siku ya sikukuu. Papa Direkteri hakuonekana. Niliweka chupa zangu, nikaeleza ua limetoka uzio upi, limechemshwa vipi. Mchungaji alinikatiza.

"Ndimu hatutaki yake. Shemasi alete ya kwake."

Shemasi akaenda kwenye mti wake, akarudi na ndimu, akaikamua kwa mkono wake mwenyewe. Maji yakawa mekundu. Watu wakarudi nyuma hatua moja. Shemasi akatazama vidole vyake, akavilamba.

"Iko ndimu tu," alisema, kama mtu aliyekosewa.

"Na majivu?" mchungaji akasema. "Majivu yake ametia nini ndani?"

Hapo Koko akatoka kwenye kundi la wanawake. Alikuwa amebeba kibuyu. Kila mtu pale alikijua, kwa sababu Koko alikuwa mmoja wa wachache waliobaki wakichoma majani ya kinamasi na kuyachuja kwenye jani la mgomba, tone kwa tone, kupata chumvi ya zamani. Hakuniomba ruhusa. Alimimina ndani ya chupa ya pili. Ikawa kijani, kijani ya kweli, kali kuliko ile ya darasani.

"Majivu iko yangu," alisema. "Nilichoma miye, nilichuja miye. Kwa kilio, kwa ndoa, niliwapikia ninyi wote sombe na hii. Kama kuko pepo ndani, basi muko nayo ku tumbo tangu zamani."

Kicheko kilianza kwa akina mama, kikaenda hadi kwa wanaume. Mchungaji alinyanyua mkono watu wanyamaze. Lakini kabla hajasema, msichana alikuwa amefika mezani. Sikuwa nimemwita. Nilikuwa nimeapa sitamtia mbele ya watu wale. Alichukua chupa nyekundu akaanza kuimimina katika ile ya kijani, kidogo kidogo. Povu likatoka, watu wakaguna. Kijani ikafifia. Akaomba ndimu nyingine, shemasi akampa. Maji yakapita rangi ambayo sina jina lake, kama anga kabla ya mvua, yakawa zambarau, kisha mekundu.

"Inarudia," alisema kwa sauti ndogo. Halafu akawageukia watu wote na kusema kwa nguvu: "Inarudia! Ndimu inamaliza majivu. Majivu inamaliza ndimu. Muntu yeyote anaweza fanya."

Watoto wakasonga mezani, kila mmoja anataka kujaribu. Mchungaji alisema Shetani naye ni mwalimu, akachukua Biblia yake akaondoka, na baadhi ya watu wakamfuata. Sitasema kijiji kizima kiligeuka. Familia nne zilitoa watoto wao darasani kwangu. Wawili walirudi baada ya Pasaka, wawili sikuwaona tena. Mama wa msichana hakunitazama usoni siku ile, wala miezi mingi baadaye, lakini alimshika binti yake mkono wakaenda nyumbani pamoja. Hakuna mtu aliyeomba msamaha.

Mimi niliomba. Jumatatu nilimwambia msichana mbele ya darasa kwamba nilikosa mara mbili: kumpa kesho badala ya jibu, na kutembea sokoni na kinyonga kwa ajili ya kujionyesha. Alisikiliza, akafikiri.

"Madame," akauliza, "ulimi wake anauweka wapi akifunga kinywa?"

Tulitumia asubuhi nzima kwa swali lile.

Alifaulu, akaenda sekondari Walikale mjini, kwa shangazi yake. Mwaka uliofuata mapigano yalitufikia. Tulilala msituni wiki mbili. Tuliporudi, darasa lilikuwa na paa na kuta, lakini rafu yangu ya chupa ilikuwa imeng'olewa, na madawati yote yalikuwa yamechomwa kuni katikati ya sakafu. Papa Direkteri alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ameanza kuzeeka.

"Sasa Madame, hata weye utaandika néant."

Nilimwomba daftari, nikajaza mstari wa vifaa. Watoto walikuwa wamekusanyika nje, wachache, wengine bado hawajatoka msituni. Niliingia na wale waliokuwepo, tukaokota makaa ya madawati yetu, tukayaponda kwa mawe. Nikatuma wawili kijitoni kuleta mchanga na kokoto. Tukakata chupa ya maji waliyoiacha askari waliolala humo, tukaigeuza shingo chini, tukaweka kitambaa, kisha makaa, kisha mchanga, kisha kokoto juu. Papa Direkteri mwenyewe alileta ndoo ya maji ya matope kutoka dimbwi la barabarani, nikamwomba amimine.

Yalichelewa. Tulikaa chini kwenye sakafu yenye masizi, tukingoja. Tone la kwanza lilikuwa jeusi, na la kumi pia. Baadaye yakaanza kutoka meupe, na Papa Direkteri akashika kikombe akitaka kunywa.

Binti mdogo wa mstari wa mbele akamzuia mkono.

"Hapana, Papa Direkteri. Kwanza tuchemshe."